Mistari ya Msichana wa Kitale

Bango lilikuwa kubwa kuliko kitanda changu cha kufumia. JARIBU KUFUMA MWENYEWE, BURE. Sikuliandika mimi. Liliandikwa na bwana mmoja mwenye kofia na miwani ya jua, msimamizi wa maonyesho ya kazi za mikono pale Kitale, ambaye nadhani hajawahi kufuma hata mkeka wa mwanasesere.

"Mama, watu siku hizi hawataki kuangalia tu," aliniambia. "Wacha waguse. Wakigusa watapenda."

Nilikubali, kwa sababu nilikuwa na shida yangu. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kufuma, nyumbani kwetu nje ya mji wa Bungoma, kwa manyoya ya kondoo tunayonunua kwa watu wa Cheptais. Macho yake karibu yameisha, lakini bado anasokota uzi kwa vidole. Binti zangu hawaitaki kazi hii. Mmoja anasuka nywele mjini. Mwingine aliniambia blanketi zimejaa tele kwa Wahindi, tena zina picha ya simba. Basi kila jioni mama alikuwa akiniuliza swali moja: baada yako ni nani? Nilienda Kitale kutafuta mtu mmoja tu wa kumpelekea mama.

Kwenye kitanda kulikuwa na blanketi iliyofika nusu, blanketi ya mama mwenyewe. Uzi wake wote aliusokota yeye, akisema hiyo ndiyo atakayojifunika baridi ikianza. Sikukusudia mtu aiguse. Waandaaji walikuwa wameahidi kuleta kitanda kingine cha watu kujaribia. Viti vya plastiki vilifika, hema likafika, spika kubwa kama kabati ikafika. Kitanda hakikufika.

"Si utumie hiyo yako tu," bwana wa kofia akasema. "Ni uzi tu, bana."

Ni uzi tu. Nimeambiwa mengi katika maisha yangu, lakini hilo bado linanikera.

Watu wakaja. Walipitisha uzi mara moja, wakapigwa picha, wakapangusa mikono kana kwamba wameshika samaki. Mzee mmoja wa suti alizunguka kitanda chote akiuliza stima inaingilia wapi. Mama mmoja aliniketishia mtoto wake kwenye benchi, akaenda zake kununua chipsi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na kila jioni hema lilipofungwa nilikaa nikafumua walichofanya.

Hapo ni lazima nieleze desturi ya nyumba yetu. Mstari wa mgeni hufumuliwa siku hiyo hiyo, bila kinyongo. Lakini mistari ya kwanza ya mwanafunzi haiguswi, hata iwe imepinda namna gani. Inabaki ndani ya nguo, na ni yeye mwenyewe anayeendelea kutoka pale alipoachia. Mistari yangu ipo mpaka leo katika blanketi kuukuu ya mama, imepinda kama barabara ya kupanda Elgon.

Siku ya mwisho akaja msichana mmoja wa chuo cha hapo hapo Kitale.

"Niaje, auntie. Naweza jaribu?"

Alivua pete zake bila kuambiwa. Hilo tu lilinifanya nimwangalie mara mbili. Uzi ulipokatika hakucheka, aliniomba nimwonyeshe fundo. Adhuhuri ilimkuta pale pale. Wengine niliwaambia kitanda kina mtu, na bwana wa kofia akaninunia. Rafiki yake alikuwa akimpiga picha, lakini siku hizi nani hapigwi picha?

"Auntie, hii kitu nataka kuijua poa," alisema wakati wa kufunga. "Si naweza kuja kwenu?"

Tukapeana namba, nikamwelekeza vizuri.

"Monday niko huko. Ntakosa aje?"

Nikamwamini. Jioni ile sikufumua kitu.

Nyumbani mama alipitisha vidole juu ya blanketi, akasimama palipopinda.

"Huyu ni nani?"

"Msichana wa Kitale. Anakuja Jumatatu."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Alitoa kigoda chake mwenyewe akakiweka kando ya kitanda. Akachagua kuku, akasema huyo asiuzwe. Akanikataza kuigusa blanketi, maana sasa ilikuwa na mwenyewe wa kuiendeleza.

Jumatatu ikapita. Nilipiga simu mara nyingi, na aliposhika hatimaye alisema, "Ah, auntie! Pole, niko bize, ntakucheki." Hakunicheki. Binti yangu wa kusuka nywele ndiye aliyenionyesha simu yake. Msichana wangu wa Kitale alikuwa humo, kwenye benchi langu, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Chini yake aliandika kwamba blanketi ile ameifuma yeye, na kwamba anafufua kazi ya mababu. Watu wanamwita malkia. Mimi nilikuwamo pia. Mikono yangu ilionekana pembeni, imekatwa kwenye viganja.

Nilimchukia, siwezi kusema vingine. Nikamchukia na bwana wa kofia, kwa sababu alikuwa amesema kweli: waligusa, wakapenda. Walichopenda ni picha.

Mama sikumwambia. Kila asubuhi aliuliza, "Amefika?" nami nikajibu, "Bado." Mvua zikaja, kisha baridi ikaanza kushuka kutoka mlimani. Mama akawa anajikunja chini ya ile blanketi kuukuu yenye matundu, huku mpya ikimngoja mtu asiyetukumbuka hata kidogo. Nilimsihi niimalizie. Akasema mwanafunzi akikuta mistari yake imepitwa atavunjika moyo. Nilitoka nje nikalia jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Asubuhi moja hakuuliza. Alipapasa ukuta mpaka kwenye kitanda, akakaa juu ya kigoda alichomwekea msichana, akaanza kuipitia ile mistari polepole, mmoja mmoja.

"Huku mwanzo alikuwa hapa," alisema. "Huku mwisho uzi umelegea, alikuwa ameshaenda."

Akanigeuzia uso.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

"Fumua, mwanangu. Naskia baridi."

Nikafumua. Uzi ulitoka umejikunjakunja, na yeye akakinga mikono akaupokea, akauviringisha kuwa donge magotini pake. Wiki ile ile nilimaliza blanketi, akajifunika. Tangu hapo hajaniuliza tena baada yangu ni nani.