Kompyuta Iliyolia Kama Kifaranga

Siku maboksi yetu yalipofika Sotik nilitaka kuyafungua palepale, juu ya kaunta ya ofisi ya vifurushi, mbele ya kila mtu. Rafiki yangu alinizuia. Yeye ni fundi cherehani, Mkisii aliyezaliwa upande huu wa mpaka wa kaunti, na ni kiziwi kama mimi. Tulisoma shule moja ya viziwi tangu tukiwa wasichana wadogo. Aliniambia kwa mikono, karani akitukodolea macho, kwamba nikipoteza skrubu hata moja atanirudisha nyumbani kwa kamba kama ndama. Basi nikalikumbatia boksi kubwa kifuani, yeye akachukua mengine, tukapanda pikipiki mbili hadi kwa mama.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa na haraka hivyo. Shuleni tulikuwa wengi. Wakati wa chakula bwalo zima lilikuwa mikono tupu, na uliweza kuingilia umbea wa meza ya mwisho bila kuinuka ulipokaa. Kisha tukamaliza, kila mmoja akarudi kwao, nami nikarudi huku kwenye majani chai ambako, ukimtoa rafiki yangu ninayemwona siku za soko, hakuna anayeijua lugha yangu. Kiwandani ninakofanya kazi wananipenda. Mashine zikianza kunguruma wenzangu wote wanakuwa viziwi, na mimi ndiye mwalimu wao wa kuashiria. Lakini mapumziko yakifika wanatoka nje, wanarudia kuongea kwa midomo, nami nabaki na kikombe changu.

Nyumbani ni vilevile. Mama na mimi tuna ishara zetu chache tulizojitungia: ng'ombe, maji, mvua inakuja, kula, bado, lala. Zinatosha kuishi pamoja. Kuzungumza hazitoshi. Jamaa wakijaa sebuleni Jumapili, wanacheka hadi wanashika mbavu, nami natabasamu tu ili nisiwaharibie. Nilikuwa na upweke, na sioni sababu ya kuuficha.

Ndipo rafiki yangu akaniletea habari iliyoninyima usingizi. Kumbe katika michezo ya VR kuna ukumbi ambao viziwi wa Kenya hukutana! Unavaa miwani, kamera zake zinasoma vidole vyako, na unajikuta umesimama ndani ya duara la watu wanaoongea kwa mikono. Simu ya video naijua, na inakupa uso mmoja ndani ya kidirisha. Mimi nilitaka duara. Nilitaka mtu anipungie kutoka pembeni, nigeuke, nikute maneno yananisubiri.

Miwani tuliipata, imetumika kidogo tu. Lakini peke yake ilishindwa na umati, kwani watu wakizidi wachache picha iliganda, na mikono iliyoganda haisemi kitu. Ilihitaji kompyuta yenye nguvu ya kuisaidia. Tukaamua kuiunda wenyewe, kipande kwa kipande, kwa kuwa ya dukani tuliyoonyeshwa ilikuwa imefungwa kabisa, huwezi kubadilisha chochote ndani yake.

Tulianza mara tu tulipopangusa meza ya sebuleni. Niliketisha prosesa mahali pake nikiwa nimezuia pumzi, nikashusha kile kijiti chake cha chuma. Rafiki yangu akapaka dawa ya kuipoza, kidogo katikati, kisha akaanza kupitisha nyaya nyuma ya kasha kwa vidole vile vya kutunga uzi sindanoni. Mimi sina subira hiyo. Nilikuwa nazunguka meza nikimharakisha, naye kila nikimgusa bega alinikata jicho.

Mama aliingia akitoka kuchuma chai, aproni ya plastiki bado kiunoni. Alichungulia ndani ya kasha, akatia kidole kwenye nafasi mbili za ram, vile vijiti vya kumbukumbu, zilizokuwa tupu, akapima kwa kiganja ule uwazi mkubwa uliobaki chini ya kadi ya picha. Akanitazama kwa huruma na kuashiria: hakuna kitu, umeibiwa.

Nilimshika mkono nikamtoa hadi barabarani. Pale kuna duka la jirani lenye nondo zilizosimama juu ya paa, zikingoja ghorofa ambayo mwenyewe ataijenga atakapojaliwa. Nikamwonyesha nondo, kisha nikamwonyesha nyumba yetu na kasha lililokuwa mezani. Alielewa papo hapo, akacheka. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga kweli: pawasaplai, yaani kifaa cha kugawa umeme, kubwa kuliko mahitaji ya leo, bodi kuu itakayokubali prosesa ya kizazi kijacho, na nafasi ya kadi nene zaidi. Sikutaka kuanza upya kila mchezo mpya unapotoka. Tangu hapo mama hakuuliza tena habari ya nafasi tupu.

Tulipomaliza kufunga kila kitu nilibonyeza kitufe mwenyewe, maana singekubali mtu mwingine akibonyeze. Taa zikawaka! Nikaweka kiganja juu ya kasha, nikahisi feni zikitetemeka chini ya ngozi, nikaruka juu kama mwehu. Rafiki yangu akaelekeza kidole kwenye skrini. Ilikuwa nyeusi tii.

Tukazima, tukawasha. Nyeusi. Tukachomoa ram, tukairudisha. Nyeusi vilevile. Hapo ndipo tulipoanza kulaumiana. Nilimwambia amenyonga waya fulani kwa unadhifu wake wa kushona, naye akaniambia nimevunja pini za prosesa kwa pupa yangu. Viziwi wakigombana hawapunguzi sauti kwa ajili ya wageni, mikono yetu ilikuwa inakata hewa kama mapanga.

Katikati ya ugomvi huo mama alitoka jikoni mbio, akapiga magoti, akaingia chini ya meza. Tulimwona akiinua pazia, akisukuma kochi, akipekua nyuma ya maboksi. Nikamuuliza anatafuta nini. Akafanya ishara yetu ya kifaranga, vidole vikidonoa kwenye kiganja, kisha akatuonyesha kwa hasira kwamba sisi wawili tumekikanyaga, na kwamba kinalia. Nikamwambia, mama, si sasa! Akaendelea kutafuta, akatambaa akitusukuma miguu, hadi akafika kwenye kasha. Akalaza sikio lake pale. Macho yakamtoka.

Akaniita kwa mkono. Kifaranga kimo humu ndani.

Mimi na rafiki yangu tuliacha kugombana. Kulikuwa na kispika kidogo, hata ukucha unakishinda ukubwa, kilichokuja ndani ya mfuko wa skrubu. Tulikichomeka kwa sababu tu tuliona mahali pake, wala hatukufikiri tena juu yake. Kilikuwa kinalia tangu mwanzo! Kila tulipowasha mashine ilitueleza ugonjwa wake, nasi tulikuwa tunaipigia kelele za mikono bila kuisikia.

Nikamwomba mama anionyeshe inavyolia. Akafikiri, akanishika mkono, akaburuta kidole polepole kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, kisha akanigonga mara mbili upesi. Akarudia vilevile. Nikamwandikia muuzaji wetu wa Nairobi ujumbe: inalia moja ndefu, mbili fupi.

Jibu lilikuja upesi. "Hiyo ni kadi ya picha, siz. Ulichomeka power yake? Iko na waya yake separate. Na kwani hiyo time yote hamkuwa mnaiskia ikilia?"

Nikamjibu, "Sisi ni viziwi, boss. Ameiskia mama, akadhani ni kuku."

Alituma nyuso za kucheka mstari mzima, na baada yake maneno ya pole. Waya wenyewe tuliukuta umelala nyuma ya kasha, umefungwa kwa unadhifu mkubwa sana. Nilimtazama rafiki yangu, naye akajifanya anatafuta bisibisi. Tukauchomeka. Skrini ikawaka buluu, tukakumbatiana wote watatu, mama akiwa katikati na aproni yake yenye unyevu wa majani.

Niliingia ukumbini jioni hiyohiyo. Walikuwa wengi na hakuna aliyeganda. Mmoja alikuwa na umbo la sungura, mwingine roboti, mwingine mwanamke mwenye nywele za manjano, na wote mikono yao ilikuwa inaongea Kenya tupu: bei ya unga, mpira, mume wa fulani. Nikaona mkono unanipungia pembeni. Nikageuka. "Wewe mgeni, unatoka wapi?" Nikajibu, wakanielewa wote kwa pamoja, hakuna aliyenitazama mdomoni. Nilicheka utani wao pale pale walipocheka wao. Rafiki yangu ilibidi anivue miwani kwa nguvu ili naye apate zamu.

Mama alikuwa ametutazama muda wote huo. Alijipangusa mikono, akaashiria kwamba naye anataka. Nilimvalisha, nikakaza mkanda juu ya kitambaa chake, kisha nikageukia skrini kuona anachokiona. Alishtuka kwanza kwa sungura. Halafu watu wakamzunguka wakidhani bado ni mimi, wakamuuliza mambo, wakabishana, wakamwonyesha kitu, wakaulizana wenyewe kwa wenyewe. Picha kwenye skrini iligeuka kushoto, ikageuka kulia, ikarudi kushoto. Kila alipogeukia mkono mmoja, mwingine ulikuwa umeshamaliza kusema. Kisha roboti akatoa mzaha na duara zima likaangua kicheko.

Nikamtazama mama aliyekuwa amesimama sebuleni. Chini ya miwani alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile nalijua vizuri, maana ni langu la kila Jumapili.

Akavua miwani. Akanielekezea kidole mimi, kisha akaelekeza kwenye kochi, kwenye viti, kimoja kimoja, pale wanapokaa wajomba na shangazi. Akagusa sikio, akatikisa kichwa. Wewe, hapa, huwa hivi?

Nikaitikia. Sikuwa na hasira naye, ila machozi yalinitoka, yakamtoka na yeye. Nilidhani angeirudisha miwani mezani na kwenda kuwasha moto. Badala yake alinishika mikono yote miwili akaitikisa, akaonyesha skrini ambako wale watu walikuwa bado wamesimama wakimngoja. Alitaka kujua wamemuuliza nini. Nikamweleza nilivyoweza: walitaka kujua yeye ni nani. Akaniashiria nimfundishe kujibu. Tulirudia, mimi nikimkunja vidole vyake vigumu vyenye rangi ya chai, rafiki yangu akimrekebisha upande wa pili, hadi akachoka kusahihishwa, akajivalisha miwani mwenyewe.

Kwenye skrini tuliiona mikono yake ikipanda. Mimi mama yake. Ilikuwa imepinda, na neno la mwisho lilitangulia la kwanza, lakini ukumbi mzima ulinyamazisha mikono kumtazama. Kisha wote wakainua viganja juu na kuvitikisa hewani, maana ndivyo tunavyopiga makofi.

Mama hakujua kwamba ni makofi. Alidhani wanamuaga. Akageukia upande aliodhani nimesimama, na kwa mikono yake mwenyewe akaniambia niwaeleze kwamba yeye bado haondoki.