Kona Mbichi

Kwa miaka kumi na moja nimechora picha zisizo na mtu, ng'ombe wala mlima, na miaka hiyo yote mama hakuwahi kuzitazama. Akiulizwa kanisani kwetu kijijini Gakindu binti yake anafanya nini Nyeri, alijibu kwamba napaka rangi, na watu wakaanza kuniletea habari za nyumba zinazohitaji fundi. Mbili nilizipaka kweli, maana mchagua jembe si mkulima.

Nilipopata ukumbi mjini wa kuonyesha picha zangu, nilimwambia aje akipenda. Nilijifanya sijali. Uongo mtupu: nilitaka aseme neno moja kuhusu kazi yangu, zuri au baya.

Alikuja na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili na kikapu cha maparachichi ya kuwapa wenye ukumbi. Picha za kwanza alizipita mbio kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Halafu akasimama mbele ya ile kubwa nyekundu. Nyekundu hiyo niliijua tangu utotoni, kwenye kiwanda cha kahawa, tulipomwaga mavuno juu ya gunia na kuchagua buni mbivu nyekundu huku, mbichi kule, kabla ya karani kukagua. Karani aliweza kupitwa na tunda bichi. Mama hakupitwa.

Aliikazia macho, kisha akasogeza kidole karibu na kona ya chini.

"Mami, hapa iko na mbichi," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Hapa uliharakisha."

Niliudhika. Nikamweleza, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba picha si kahawa, na kwamba kona ile ni mahali pa jicho kupumzika. Akaitikia kwa heshima zote, akaenda kugawa maparachichi. Ukweli ni kwamba kona ile niliimaliza asubuhi ya kutundika picha, mwenye bodaboda akipiga honi nje. Wasomi wawili walikuwa wameshaisifu.

Maonyesho yalipoisha niliirudisha picha chumbani ninamofanyia kazi, nikaikwangua kona, nikahangaika nayo wiki tatu. Kisha nikampigia mama simu. Akaja, safari hii bila maparachichi, akainama mbele ya kona ile mpaka goti likalia.

Kiwandani hakuna anayekusifu. Kahawa yako ikiwa safi, karani hasemi kitu. Anakuonyesha mizani tu, kisha anamwita anayefuata.

Mama alichukua muda wake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na brashi mkononi, mtu mzima mwenye mvi tatu, nikiogopa kama mtoto wa darasa la pili. Hatimaye akanyooka, akajipangusa sketi, akatazama huku na huku chumbani.

"Leta ile ingine," akasema.