Fundi na Stiki ya Oili

Fundi wetu wa magari wa Kanyenye hasemi neno lolote stiki ya oili, kile kijiti cha kupimia oili ya injini, ikiwa mkononi. Huifuta kwenye mkono wa overoli yake, ingawa kitambaa kinaning'inia mfukoni. Huichovya tena, kisha huisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, kama mnunuzi wa asali anayeshuku imetiwa maji. Leo nilimpelekea gari haraka. Gari ni la shemeji yangu, na taa ya oili ilikuwa ikiwaka na kuzimika njia nzima kutoka Igalula. Mimi nikadhani inanikumbusha kufunga mkanda, hadi injini ilipoanza kugonga.

"Injini imekufa, fundi?"

Akainua kidole kuninyamazisha. Akamimina oili kidogo, akasubiri ishuke, akapima, akamimina tena, taratibu hadi nikatamani kumpokonya kopo.

"Haya dada, washa."

Nikawasha. Taa ikazimika, injini ikanguruma bila kugonga. Nilipogeuka kumshukuru, nilimkuta amekaa vumbini, kofia mkononi, anahema kama aliyetua gunia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia shemeji yako."