Salamu Tu Ndizo Zilizobaki

Mtaani walimwita Bi Ramani, kwa sababu ya kipindi chake cha redio cha Jumamosi asubuhi: leo nchi hii, wiki ijayo ile, watu wake wanaishije, wanatawaliwaje, wanaongea lugha gani. Watoto walikipenda, na yeye alikipenda kuwashinda.

Safari hiyo alimwalika fundi cherehani, mama wa makamo aliyeikimbia nchi yake. Walirekodi huku wakicheka, mama akimfundisha salamu za kwao. Kisha mama akasema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu alichapwa shuleni kwa salamu hiyo hiyo. Serikali imepiga marufuku lugha yetu."

Jumamosi kipindi kikaruka hewani. Salamu zilisikika, wimbo ulisikika, vicheko navyo vilisikika. Maneno yale, hola, hayakuwemo!

Simu ikaita. "Dada, ulinileta nije kuchekesha watu?" fundi akauliza, akakata.

Bi Ramani alipanda ngazi mbio hadi kwa meneja wa vipindi.

"Nani kakata?"

"Mimi," meneja akajibu, akikoroga chai yake taratibu. "Ubalozi wao tunauhitaji. Halafu hiki ni kipindi cha utamaduni, dada'ngu, siyo siasa."

"Mtoto kuchapwa kwa lugha ya mama yake ni nini? Ngoma?"

"Punguza jazba, basi."

Hilo la jazba ndilo lililommaliza. Wiki nzima damu ilimchemka. Jumamosi iliyofuata aliomba kutangaza moja kwa moja. Meneja, akidhani yamekwisha, akakubali. Bi Ramani hakugusa nchi mpya. Alirudia ile ile, akasema kilichokatwa, nani kakata, na kwa nini. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alijishika kichwa, lakini mkono wake haukwenda kwenye swichi.

Kabla ya adhuhuri Bi Ramani alikuwa amesimamishwa kazi.

"Si ungemeza tu, mke wangu?" mumewe akamwambia.

"Nimemeza miaka yote! Mavazi, ngoma, salamu! Nimevimbiwa!" Akabamiza mlango, akaenda kwa fundi cherehani.

Fundi alikuwa amesikia kila neno. Hakumshukuru.

"Umechelewa wiki nzima," alisema, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani.

"Najua. Na bado nina hasira."

"Yako changa hiyo, mdogo wangu." Akamsukumia kigoda kwa mguu. "Kaa. Yangu imeota mvi."