Shavu la Kushoto

Nimerudi Kawangware kumuaga marehemu fundi aliyenifundisha kushika brashi, na jambo la kwanza lililonikera ni picha yake. Wameichapisha kwenye plastiki, pana kama mlango, nyuma wakaweka mawingu na njiwa ambao hakuwahi kuwafuga. Mtu aliyewachora kwa mkono marehemu wa mtaa mzima wa 46, yeye mwenyewe kaagwa kwa picha ya simu. Nilitaka kulalamika, nikakumbuka kwamba siku hizi mimi ni mgeni. Nimeishi Ulaya miaka mingi, kuchora ndiko kunakonilisha, na watu wa hapa huniuliza kama bado nakula ugali.

Acha nikueleze alikuwa nani, maana kazi yake imeshakufa. Kibanda chake kilipakana na maseremala wa majeneza. Alichora mabango ya hoteli na ya vinyozi, lakini wenye msiba wakija aliacha yote. Wengi wetu tulikuwa wapangaji, watu wa ziwani na wa Magharibi mwa Kenya, na maiti ilikuwa lazima irudi ushago, kijijini kwao. Jeneza halikuondoka bila picha ya kubebwa mbele yake. Asiye na picha ya marehemu, fundi alimwambia alete mtoto wa marehemu. Alikuwa akisema uso wa mtu haupotei, watoto wake ndio waliouazima. Basi alimketisha mtoto kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamchora na kumzeesha kwa brashi, huku wanawake wa chama cha kuchangiana wamesimama nyuma wakimsahihisha: nyusi nene kidogo, kidevu kifupi. Najua hivyo kwa sababu niliketi pale mimi mwenyewe.

Tuliishi mtaa wa mabanda wa Kianda, mama na mimi, chumba kimoja cha mabati. Alifua nguo za watu, jioni akakaanga omena, vile visamaki vya ziwani, mlangoni, na mpaka leo harufu ya omena ikinipata popote husimama kwanza. Aliimba akisugua sufuria, nyimbo za kanisa, na maneno asiyoyajua aliyaruka bila aibu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kulalamika, na yote mawili niliyafanya kwa bidii. Sikujua kwamba sisi ni maskini. Nilidhani watu wote hulala wakisikia jirani akikohoa.

Kisha stovu ya jirani ikalipuka na ploti nzima, vyumba vyote vya wapangaji, ikaungua. Godoro, sare yangu ya shule, kitambulisho cha mama, picha chache tulizokuwa nazo, vyote viliisha. Mama alinifunika kwa leso akapita nami katikati ya moto, bati likamwangukia shavu la kushoto. Kovu lilianza chini ya jicho likateremka hadi kwenye taya, jeusi katikati, jekundu pembeni. Nililigusa kila siku, naye hakunikataza. Lakini moshi ule haukumtoka kifuani, na mvua ziliposhika akafa. Alikuwa bado kijana, na hilo sikulielewa mpaka nilipozeeka kumpita.

Shangazi yangu aliyeishi mtaa wa 46 ndiye aliyenichukua, na ndiye aliyenipeleka kwa fundi. Kibanda kilinuka thina ya kuzimulia rangi na vumbi la mbao. Upande wa pili nyundo zilikuwa zikipiga, na nilijua jeneza linalopigiliwa ni la nani. Fundi aliniambia, "Keti hapo. Usicheke, usilie. Nataka uso vile uko." Nikaketi.

Uso ulipotokea kwenye plaiwudi nilishtuka. Alikuwa mama kabisa, ila shavu lilikuwa zima. Nikamwambia fundi amesahau kovu. Alichovya brashi ili aliweke, shangazi akamshika mkono. "Wacha hiyo," akasema. "Huko anaenda ni mzima." Wanawake wa chama wakamuunga mkono, wengine wakaanza kulia. Walidhani wanamheshimu. Hakuna aliyefikiri kwamba katika uso ule wote, kovu tu ndilo lililokuwa la mama mwenyewe. Mengine yote yalitoka kwangu. Niliwachukia wote siku ile, na fundi pia.

Basi la mazishi lilijaa watu wazima, watoto tukaachwa mjini. Picha ilienda na jeneza, ikapigiliwa msalabani, na nilipokuja kufika huko nikiwa mkubwa, mvua na mchwa walikuwa wamemaliza kazi yao.

Hata hivyo nilirudi kwa fundi kila nikitoka shule. Nilitaka kitu kimoja tu, kumchora mama mwenyewe, na kovu lake. Alinianzisha kwa kuosha brashi, kisha herufi, kisha vichwa vya mabango ya vinyozi, akinicheka kwamba nywele nazichora kama sukuma wiki. Nikiharakisha aliniambia haraka haraka haina baraka, na methali ile siipendi mpaka leo. Nyuso za watu wengine nilizijua mapema. Wa mama ulinishinda.

Michoro ikanipeleka Ulaya, chuo cha sanaa. Walimu wa huko walitaka Afrika yenye jua, nikawachorea masoko na vikapu mpaka nikajichoka. Siku moja nikachora shavu lililoungua, peke yake, kubwa kama ukuta. Wakasema ni ardhi iliyokauka. Sikuwasahihisha. Tangu hapo nachora hilo tu, kovu na mabati yaliyoungua, na watu wananunua. Lakini uso uliolizunguka kovu umekuwa ukinitoka mwaka baada ya mwaka, na hiyo ndiyo hofu yangu kubwa. Zamani nilikuwa nikijitazama kwenye kioo namwona. Sasa nina mvi ambazo yeye hakuzifikia.

Kianda nilipita, nikakuta barabara mahali ploti yetu ilipokuwa. Kwa hiyo gari la kumpeleka fundi kuzikwa kwao lilipoondoka, nilimfuata shangazi nyumbani kwake. Ni mzee sana sasa, na hapa mjini hakuna mwingine aliyebaki kati ya waliomjua mama. Nikatoa karatasi, nikamwomba anieleze wifi yake alivyokuwa, nichore, naye anisahihishe kama zamani. Alifurahi. Pua alinipa, macho akanipa, mdomo akanipa bila kusita, na moyo wangu ukaanza kuchangamka. Nikamuuliza shavu la kushoto.

"Ilikuwa tu laini," akasema.

Nikamkumbusha moto. Aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia tena karatasi.

"Sitakudanganya, mtoto wangu," akasema. "Mama yako simkumbuki tena. Nakumbuka tu ile picha."

Nikaweka kalamu chini. Ile picha ilikuwa sura yangu mimi. Ya mama nimebaki na shavu moja tu, na hilo limeungua.