Pete ya Shaba Katika Pua ya Bomba

Ukifika Gongoni ukamuulizia fundi Esperansi Sindayigaya, utaelekezwa kwenye kibanda chenye harufu ya plastiki ya moto. Humo huyeyusha vifuniko vya chupa, akavishindilia kwenye kalibu ya chuma, vikatoka vipuri vidogo ambavyo madukani huvipati. Anachojivunia zaidi ni pua ya bomba la kupulizia dawa, ndogo kama punje ya karanga, yenye pete ya shaba ndani ya kulinda tundu lisipanuke.

Msimu huu pua hiyo ilimwaibisha. Mzee Nikolaus, mkulima wa Ntalikwa, aliirudisha, plastiki mkono huu, pete mkono ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, pua yako imepiga chafya! Pete ikarukia kwenye mahindi, nikachakura udongo kama kuku." Kisha akaacha utani. "Viwavi wananimalizia shamba. Nisipopuliza kesho, sina cha kuvuna."

Esperansi alikwangua pete mpya kwa msasa ili plastiki ipate pa kung'ang'ania. Akaipasha moto, plastiki isigande kabla ya kuingia kwenye mikwaruzo. Plastiki ilipopoa, akaivuta pete kwa koleo; bado ilichomoka. Akakwangua nyingine. Alipoimwagia maji kuondoa vumbi, maji hayakutanda. Yalijikusanya matone yakateleza.

Akatazama vidole vyake. Binti huyu wa mrina asali wa Ulyankulu hupaka kalibu nta ya nyuki kutoka kwao ili kipuri kisinase. Kwa vidole hivyohivyo alishika pete, na plastiki ikakataa kunasa hata palipohitajika.

Akaosha shaba kwa maji moto na sabuni mpaka maji yakatanda juu yake, akaitia kwenye kalibu kwa kibano kisafi. Safari hii alivuta kwa koleo mpaka mkono ukamuuma. Pete haikutikisika.

Asubuhi walikuwa shambani Ntalikwa.

"Simama mbali, fundi, isije ikakutoboa jicho," Mzee Nikolaus alisema, akipampu kwa nguvu zote.

Dawa ikatoka kama ukungu, laini, bila kuvuja.

"Wakulima wenzangu wakiniuliza nimenunua wapi, nitasema Dar."

"Thubutu, mzee!"

Akacheka. "Gongoni, kwa Esperansi. Nitawaambia hata wasioniuliza."

Alianza mstari wa kwanza. Esperansi alimfuata nyuma, viatu vikijaa tope, kichwa juu, mpaka mwisho wa shamba.