Tembe za Kichwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja huku Kitui, mlango wa daktari ukiwa wazi. Daktari ni mzungu. Amekaa hapa miaka minane na bado anategemea Kiingereza tu. Karani ndiye humtafsiria.

Mama mmoja mzee aliingia. Alipomwona karani, akajifunika uso kwa leso. Karani naye akageukia ukuta.

"Mwulize anaumwa wapi," daktari akasema.

"Kichwa," mama akajibu ndani ya leso.

Akapewa tembe, akatoka. Pale nje akaninong'onezea, "Mwanangu, natokwa na damu mwezi mzima sasa. Lakini yule karani ameoa binti yangu, na kwetu mkwe hata usoni hatazamwi. Ningemtajiaje mambo hayo?"

Nikamrudisha ndani, karani akatoka mbio, nikatafsiri mimi. Daktari alimlaza wodini papo hapo.

"Mbona hakusema mapema?" akaniuliza.

"Amwambie nani, daktari?"

Baadaye, kwenye mdahalo chuoni kwetu, bwana mmoja alipigiwa makofi aliposema wageni hawahitaji lugha zetu, wakalimani wapo. Kweli, bwana. Huyu karani wa Kitui alikuwepo, tena hodari. Ila alikuwa mkwe.